Hesabu ya Viti

Nyumbani kwetu mtoto wa baba mdogo haitwi binamu. Binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba. Mtoto wa baba mdogo ni mdogo wako au kaka yako, na habari inaishia hapo. Baba yangu anamwita baba mkubwa, mama yangu anamwita mama mkubwa, na mimi ananiita dada bila kuongeza neno. Nilikua nikiamini kwamba lugha ilishamaliza suala hili zamani, kabla hatujazaliwa. Kisha Baba akastaafu, tukaanza kutafuta gari, na kila mtu nyumbani akaanza kuhesabu watu kwa vidole.

Baba alifundisha sekondari kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya miaka hiyo Korogwe. Alistaafu mwaka 2023, kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022: wakati ule asilimia 33 ya mafao ulikuwa unapewa kwa mkupuo, zinazobaki ulikuwa unalipwa kila mwezi. Mkupuo ulipoingia, alichukua daftari la zamani la maandalio ya masomo lililokuwa na kurasa tupu nyuma, akagawa: paa la nyumba, ada ya mdogo wangu wa kike anayeingia kidato cha tano, akiba, na shilingi milioni 27 za gari. Hajawahi kuwa na gari. Alijifunza kuendesha akiwa kijana, kwenye Land Rover ya shule, na leseni yake ameihuisha miaka yote kama mtu anayelipia sanduku la posta lisilopokea barua.

Gari lilikuwa na kazi mbili, na kazi hizo mbili ndizo zilizotugombanisha.

Kazi ya kwanza ilikuwa Bibi. Mama yake Baba amepita miaka 80 na anaishi milimani, juu ya Mlalo, wilaya ya Lushoto. Kutoka Korogwe unafuata barabara kuu hadi Mombo, kisha unapanda mlima kwa lami kupitia Soni mpaka Lushoto mjini, kama kilomita 33 za kona. Sehemu hiyo gari lolote zima linapita. Shida inaanza baadaye, kadiri unavyokwenda ndani, lami inapokwisha na udongo mwekundu kuanza. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo ule unakuwa kama sabuni. Kosta zinaishia njiani, Noah zinaongeza nauli kisha zinaacha kabisa, na kinachobaki ni bodaboda na miguu. Bibi ana shinikizo la damu na anatakiwa kushuka kliniki Lushoto kila mwezi. Masika ya 2023 alikosa kliniki miezi miwili. Mwezi wa tatu vijana wa jirani walimshusha kwa mshikaki: dereva mbele, Bibi katikati akiwa amefungwa kanga kiunoni na kushikwa na kijana wa nyuma, watu watatu juu ya pikipiki moja kwenye mteremko wa matope. Alifika salama. Baba alipoonyeshwa picha hakusema kitu, lakini nadhani gari lilinunuliwa siku ile, miezi tisa kabla ya fedha kutoka kwenye akaunti.

Kazi ya pili ilikuwa sisi. Na hapa ndipo swali lilipokuwa, kwa sababu ilitakiwa kwanza kujua sisi ni wangapi.

Baba mdogo, mdogo wake Baba wa pekee, alifariki mwaka 2021. Mkewe alirudi kwao, baadaye akaolewa tena, na watoto wao wawili wa kiume wakaja kuishi na wazazi wangu Korogwe. Wakati tunatafuta gari mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo 9. Kwa hiyo nyumba ina Baba, Mama, mdogo wangu wa kike, mimi nikiwa likizo, na wao wawili. Jumla sita. Tukipanda mlimani na kushuka na Bibi, saba. Lakini nilipomuuliza Baba kwa simu anataka gari la viti vingapi, alijibu bila kufikiri: "Vitano vinatosha. Sisi wanne na Bibi." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anahesabu kama alivyohesabu miaka 20, kabla ya msiba, na hesabu za zamani hutoka mdomoni zenyewe.

Kwa kuwa niko Dar, na kwa kuwa ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu, kazi ya kutafuta ilinikuta mimi. Kwa wazazi wangu, mtu anayesoma takwimu hawezi kushindwa kuchagua gari.

Nilianza na kuagiza Japani, kama watu wengi wanavyofanya. Sababu inajulikana: wao wanaendesha kushoto kama sisi, na ukaguzi wao wa lazima, unaorudiwa kila miaka 2 baada ya ule wa kwanza, huwafanya wengi waachane na gari ambalo kwetu bado linaitwa jipya. Lakini bei unayoiona mtandaoni ni nusu ya habari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kama imezidi cc 1000 lakini haijazidi cc 2000, asilimia 10 kama imezidi hapo. Gari likizidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18. Kenya wameamua kwamba gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwetu linaingia, ila linalipia umri wake. Nikapiga hesabu bila kuweka tozo ndogo ndogo: gari la mwaka 2010 ambalo thamani yake pamoja na usafiri ni 100, likiwa na injini iliyozidi cc 1000 lakini isiyozidi cc 2000, linatoka bandarini likiwa limefika 199. Lile lenye injini kubwa zaidi linafika 206. Yaani unanunua gari moja na kulipia mawili. Kwa milioni 27, Baba angepata gari dogo la kuzunguka Korogwe mjini, ambako anaweza kutembea kwa miguu.

Basi tukaamua kununua kwa mtu, gari la namba D ambalo kodi yake mwingine alishalipa. Baada ya wiki tatu za madalali, picha zilizopigwa jioni ili mikwaruzo isionekane, na magari "ya daktari mmoja mama mtu mzima" ambayo yalikuwa yameshabeba matofali, yakabaki mawili. Toyota Vanguard na Subaru Forester, yote ya mwaka 2010, bei zikipishana kwa milioni mbili na nusu.

Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa. Toyota waliiuza Japani peke yake, kati ya 2007 na 2013, kwa hiyo zilizopo huku zote zimekuja zikiwa zimetumika. Injini yake ya cc 2362 ni 2AZ, ileile iliyo kwenye Harrier na Alphard za lita 2.4, na kwa hiyo spea zake unazikuta Ilala, Tanga, na hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Tuliyoiona ilikuwa na viti saba. Safu ya tatu hulala ndani ya sakafu ya buti, na unapoihitaji unaivuta juu. Ukiivuta, buti linakwisha, unabaki na nafasi ya mabegi mawili ya shule.

Forester ya kizazi kile, iliyoanza mwisho wa 2007, ni gari la namna nyingine kabisa. Silinda zake zimelala ubavuni badala ya kusimama, kwa hiyo uzito wa injini uko chini na gari linashika barabara kwenye kona kuliko unavyotarajia kwa gari la juu. Injini ilikuwa ya lita 2.0, chini kidogo ya ule mpaka wa cc 2000. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne muda wote, si mpaka mbele iteleze kwanza. Na tumbo lake liko juu, zaidi ya sentimita 20 kutoka ardhini, sentimita chache zaidi ya Vanguard. Sentimita chache ni kitu kidogo mpaka uione njia ya kwa Bibi baada ya malori ya mbao kupita, yakiacha mifereji miwili na tuta katikati.

Viti vyake ni vitano.

Nilimchukua fundi kutoka Ilala kwenda kuyakagua yote mawili. Alikuwa mtu wa maneno machache na tochi nzuri. Kwenye Vanguard alivuta kijiti cha kupimia oili kabla hata ya kusalimiana vizuri na mwenye gari. "Injini hizi za miaka hii nyingine zinakunywa oili," aliniambia pembeni. "Hii haijaanza." Kisha akalala chini kifudifudi, akamulika. Nilimuuliza anatafuta nini. "Propela. Kila dalali anakwambia inavuta nyuma na mbele. Nyingine hazina hata propela." Hii ilikuwa nayo. Kwa kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanaitwa kusaidia pale ya mbele yanapoteleza.

Kwenye Forester alizunguka akipapasa matairi. Akaniambia nisije nikanunua tairi moja moja kwa gari hili, kwa sababu gari linalovuta magurudumu yote muda wote halipendi tairi moja liwe jipya na jingine limelika, linaumiza mitambo ya ndani. Ukibadilisha, badilisha yote manne. Akaniambia plagi ziko ubavuni, kuzifikia ni kazi, na kwamba ukiliacha lichemke mara moja unaweza kuunguza gasketi, na hapo utajua bei ya kupendeza. Nilimuuliza kwa hiyo Subaru ni gari baya? Akacheka. "Dada, Subaru haina shida. Shida ni wanaoiendesha."

"Wewe ungenunua ipi?"

"Unakwenda wapi na nani?"

Nikamwelezea mlima, matope, Bibi, wale watoto. Akafunga boneti. "Basi hapo fundi hana kazi," akasema.

Usiku ule nikafanya ambacho nilikuwa ninasubiriwa kufanya. Nikachora jedwali. Vigezo vitano: viti, matope, spea, bei, mafuta. Kila gari nikalipa alama kati ya 1 na 10, halafu kila kigezo nikakipa uzito kulingana na umuhimu wake. Hii ni njia ya kawaida, tunafundishwa mwaka wa kwanza. Kwenye viti, Vanguard ikapata 9, Forester 5. Kwenye matope, Forester 9, Vanguard 5. Spea, Vanguard ilizidi kwa alama 2. Bei, Forester ilizidi kwa alama 2. Mafuta sikuona tofauti ya kugombania. Ukiangalia vizuri namba hizo utaona kilichonitokea. Spea na bei zikipewa uzito sawa, zinafutana. Mafuta hayana la kusema. Inabaki viti dhidi ya matope, nne kwa nne. Ukivipa viti uzito mkubwa hata kwa nukta moja, Vanguard inashinda. Ukiyapa matope nukta hiyo, Forester inashinda. Nilikaa nikibadilisha namba ile moja kwenye kompyuta na kuangalia jibu likihama kutoka safu moja kwenda nyingine.

Darasani hatukufundishwa uzito unatoka wapi. Tunaambiwa "mtoa maamuzi ataupanga." Nikalituma jedwali kwenye kundi la WhatsApp la familia na kuandika: "Mtoa maamuzi ni Baba."

Kundi likawaka. Shangazi wa Tanga aliandika kwamba mama mzazi ni mmoja, gari litafutwe linalofika kwake, watoto watapanda basi, wana miguu. Mjomba, ambaye si upande huo na hakuulizwa, alisema Subaru ni gari la vijana wa mjini. Mdogo wangu akasema kwa nini watoto wasipakatwe. Hilo la kupakatwa likapata wafuasi wengi, kwa sababu ndivyo tulivyosafiri sote utotoni, watatu kwenye kiti cha mbele na wawili kwenye mapaja. Lakini mtoto wa miaka 12 hapakatwi. Miguu yake inagusa chini, magoti yake yanagonga kiti cha mbele, na mkanda mmoja haufungi watu wawili. Niliandika hivyo. Na nikaandika pia kwamba barabara ya Mombo kwenda Lushoto upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni hewa.

Mama hakuandika kitu. Mama haandiki kwenye kundi, anasoma tu na kukupigia.

Alinipigia kesho yake asubuhi. Aliniambia Baba alikuwa amesoma ujumbe wote kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, kama anavyosoma kila kitu, akidhani watoto wako nje. Hawakuwa nje. Yule mkubwa alikuja baadaye jikoni kumsaidia kuosha vyombo, kazi ambayo hapendi, akamwambia: "Mama mkubwa, mimi hata sipendi kusafiri. Mtakuwa mnaenda tu kwa Bibi, mimi nabaki na mdogo wangu tunaangalia kuku."

"Kasema hivyo?" nikauliza.

"Kasema hivyo. Na kuku tunao wanne."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho nilihitaji muda kukielewa. Alisema mtoto akianza kukutafutia sababu ya kumwacha, ujue ameshaanza kujiona mgeni. Mgeni ndiye anayesema msijisumbue. Mwenye nyumba anasema na mimi nakwenda, anagombania dirisha, analia akiachwa. Mdogo wangu wa kike akiwa na miaka 12 alilia mpaka Mombo kwa sababu hakupewa dirisha.

"Umemwambia Baba?"

"Sijamwambia. Nilimwita yule mtoto arudie mbele yake."

Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusema Baba alifanya uso gani. Ninachojua ni kwamba jioni ile alinitumia ujumbe mfupi, si kwenye kundi, wenye maneno mawili: "Viti saba."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kwa namna ya kusimuliwa ingekuwa nzuri. Lakini kuchagua viti kulikuwa pia kuchagua kutofika. Ile alama 5 ya matope niliyoipa Vanguard haikupotea kwa sababu Baba aliguswa. Gari lingepanda mlima karibu miezi tisa ya mwaka bila taabu. Ile mingine, siku ambazo mvua imeshinda, lingesimama pale linapoweza kusimama, na mtu wa miaka 80 na ushee angebaki ng'ambo ya matope, na masika ndiyo majira aliyokosa kliniki. Haki ya wale watoto tulikuwa tunailipa kwa fedha ya mtu mwingine, na mtu huyo hatukuwa tumemuuliza.

Baba akampigia. Mimi nilikuwa kwenye simu pia, tumeunganishwa watu watatu, mtandao ukikatika kila Bibi alipotoka karibu na mgomba unaoshika mawimbi. Baba alieleza habari ya magari mawili, kwa uvumilivu, kama anamfundisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nataka gari linalofika," alisema.

Nilikuwa ninangoja maneno ya hekima, yale ya wazee wanaojitoa kwa ajili ya wajukuu. Hayakuja. Alisema amechoka kushushwa kama gunia. Alisema ana haki ya gari kufika mlangoni kwake kwa sababu aliyelinunua amemzaa yeye. Baba akamwambia habari ya wale watoto, watoto wa marehemu mwanawe. Bibi akakaa kimya, kisha akauliza kama wanakula vizuri. Akauliza kama yule mdogo bado anakojoa kitandani. Halafu akarudi palepale: "Na mimi nitafikaje kliniki?"

Baba akampa pendekezo. Kila masika, mvua zinapokaribia, gari litampandia mapema wakati njia bado inapitika, atashuka Korogwe kukaa nasi mpaka mvua zitakapopungua, kliniki atahudhuria hukohuko. Kwa sisi lilikuwa jibu zuri. Kwake masika ni wakati wa maharage. Ana kipande cha shamba nyuma ya nyumba ambacho amekipanda kila mwaka tangu alipoolewa, na kushuka Machi ni kukiacha kwa mtu mwingine au kukiacha magugu. Korogwe kuna joto na mbu, na hakuna anayemjua isipokuwa sisi.

"Mwaka mmoja," alisema mwishowe. "Nitajaribu mwaka mmoja. Nikifa huko kwenye joto, mnipandishe na gari lenu."

Tulinunua Vanguard mwezi Februari 2024. Nilikwenda na yule fundi tena, tukaandikishana mauziano mbele ya wakili, nikakabidhiwa kadi na funguo mbili. Dereva tunayemfahamu alilipeleka Korogwe. Mwanzoni mwa Machi, kabla njia haijaharibika, Baba alipanda mlimani kumchukua Bibi. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito katika sehemu nyingi za nchi, na sina shaka kwamba Aprili gari lile lisingefika. Kama Forester ingefika pia sijui, na nimeacha kujiuliza. Bibi alikuwa Korogwe, alihudhuria kliniki miezi yote mitatu, na presha yake ilishuka. Alilalamika kila siku. Alilalamikia joto, maji yenye chumvi, jogoo wa jirani. Alikuwa akiamka alfajiri, akikaa barazani na kutazama upande wa milima, ambayo kutoka pale ukibahatika inaonekana kama wingu lisilosogea. Simu zake nyingi zilihusu maharage. Mwanamke aliyeachiwa shamba alipanda kwa kuchelewa.

Yule mtoto mkubwa alipewa kazi ya kumsindikiza kliniki na kumsomea tarehe kwenye kadi. Wakawa na mazungumzo yao ambayo sisi hatukuingizwa. Bibi alikuwa akimwita kwa jina la marehemu baba yake, kwa kusahau au kwa makusudi, na yeye alikuwa akiitika.

Juni, baada ya mvua kuisha, tulimrudisha Bibi kwake, na mimi nilikuja kwa ajili ya Idi. Ilikuwa mara ya kwanza watu saba kuwa ndani ya gari kwa pamoja. Kwa kuwa buti lilikuwa limekwisha, mizigo ilifungwa kwenye keria juu: mchele, sukari, jiko la gesi la Bibi, na kuku mmoja kati ya wale wanne, aliyewekwa ndani ya kikapu miguuni mwa Mama kwa sababu Baba alikataa apande juu. Ndipo likaja suala ambalo halikuwemo kwenye jedwali langu. Nani anakaa safu ya tatu?

Safu ya tatu ya Vanguard imetengenezwa kwa watu wadogo. Magoti yanakuja karibu na kidevu, dirisha ni dogo na halifunguki, na kwenye kona unatupwa kuliko wengine. Wale watoto walikuwa wameshaanza kupanda huko nyuma bila kuambiwa. Ni sawa, wao ndio wafupi, hesabu inakubali. Lakini kama ndio wangekaa huko kila safari, miaka yote, tungekuwa tumenunua gari la watu watano lenye nafasi ya watoto wa marehemu nyuma.

Mama ndiye aliyesema, "Shukeni kwanza." Baba akatoa lile daftari la maandalio, akachana karatasi, akaandika zamu. Zamu ya safu ya tatu, watu wawili wawili, kwa watoto wote wanne wa nyumba: mdogo wangu, wale wawili, na mimi, mwenye miaka 25 na tasnifu nusu. Bibi, Mama na Baba waliondolewa kwa sababu ya umri. Karatasi ile bado iko kwenye kisanduku cha mbele, pamoja na bima.

Zamu ya kwanza ilinikuta mimi na yule mkubwa. Tulibanana huko nyuma, mabega yakigusana, kichwa changu kikikaribia paa. Kuanzia Mombo gari lilipoanza kuzipanda kona, aliniuliza kama Forester ingekuwa na mwendo zaidi. Nikamwambia labda, na kwamba kwenye kona hizi ingeshika barabara vizuri zaidi. Akafikiri.

"Lakini ningekuwa na kuku," akasema.

"Ungekuwa na kuku."

Tulipofika Soni alisema magoti yanamuuma, na kwamba wakati wa kurudi yeye anataka dirisha la katikati, zamu au si zamu. Mdogo wangu wa kike akageuka kutoka mbele akasema haiwezekani, dirisha hilo ni lake. Wakagombana mpaka Lushoto.